Klabu ya karate imegawanyika: ukae, uite wazee, upande ngazi au ujitenge?

Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, watoto wetu walifika ukumbini wakakuta mlango una makufuli mawili. La kwanza lilikuwa la klabu. La pili hakuna aliyekiri kulitia, ingawa kila mtu mzima aliyekuwa pale alijua limetiwa na upande upi. Watoto thelathini na kitu, gi zao, yaani nguo za karate, zimepigwa pasi, walikaa kwenye ngazi za nje mpaka saa nne jua likawafukuza. Wachache walirudi wiki iliyofuata. Wengine hatukuwaona tena.

Nilikuwa katibu wa klabu hiyo, upande wa kisiwani hapa Mombasa, na nimefanya karate ya Shotokan tangu nikiwa darasa la sita. Jina la klabu silitaji, kwa sababu walioumizana bado wanasalimiana kwa shida na sitaki kutonesha kidonda. Lakini tangu siku hiyo watu wa vilabu vingine, wa karate, wa taekwondo, hata wa judo, hunijia na swali lilelile: kwetu mambo yamechacha, tufanyeje? Tukae tupiganie ndani? Tuite wazee? Tupeleke malalamiko juu? Au tuondoke tufungue yetu?

Njia zote nne nimeziona zikiokoa klabu, na zote nne nimeziona zikivunja watu. Ninachoweza kukusaidia ni kuziweka pamoja uzipime kwa kipimo kimoja, kisha uangalie ipi inafanana na hali yenu.

Dojo ni moja, klabu ni nyingine

Kabla ya yote, kaa chini ujiulize: ugomvi wenu ni wa dojo au ni wa klabu? Watu wengi hawajawahi kuvitenganisha hivi viwili, na ndiyo sababu wanatumia dawa isiyo ya ugonjwa wao.

Dojo, yaani mahali pa mazoezi, ni la sensei, yaani mwalimu. Ndani yake unainama, unasimama kwenye mstari kwa daraja la mkanda wako, na anayekuzidi huulizi kwa nini. Klabu ni ya wanachama. Ina katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, ada ya mwezi, na mkutano ambao kura ya mkanda mweupe ina uzito sawa na ya mwenye dan ya nne, yaani daraja la nne la mkanda mweusi. Sasa mtu yuleyule anayekusahihisha ngumi saa kumi na moja jioni, saa moja usiku anatakiwa akuonyeshe risiti. Uliyemwinamia ndiye unayetakiwa umhoji. Hapo ndipo moto unapowaka, na sijaona klabu iliyogawanyika ambayo cheche yake haikutoka hapo.

Chukua pesa za mtihani wa mkanda. Mzazi anatuma kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi, na mwaka unakwisha hesabu haijasomwa. Hilo ni la klabu tupu, hata kama mwenye namba ni sensei. Chukua mpwa wa mwalimu aliyepandishwa mkanda wa kahawia wakati kata yake, ule mfululizo wa mapigo uliopangwa, inayumba na wenzake wanaona. Hilo ni la dojo. Hakuna kura inayoweza kuamua kama kata ya mtu imeiva. Kisha kuna yaliyochanganyika. Sensei amezeeka, au amekwenda Ghuba kutafuta riziki, na wanafunzi wake wawili wakubwa kila mmoja anasema, "Mimi ndiye aliyeniachia." Au mwalimu wa tawi la Likoni anavusha watoto ishirini kwa feri kila mtihani, analipa ukumbi wake mwenyewe, anapeleka pesa kisiwani, na siku moja anauliza kwa nini mtihani usifanyike kwake. Swali la nauli hilo, lakini likijibiwa kwa kiburi linageuka kuwa la uasi.

Nimesikia wakisema kwamba sisi watu wa Pwani hatujui kukaa pamoja. Hilo linaniudhi, kwa sababu si kweli. Gichin Funakoshi, aliyeileta karate Japani kutoka Okinawa, alipofariki mwaka 1957, wanafunzi wake walitofautiana hata juu ya mazishi yake, na kambi mbili, JKA (Chama cha Karate cha Japani) na Shotokai, zikashika kila moja njia yake. Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa karate ya Kyokushin, alifariki mwaka 1994 na shirika lake likakatika vipande. Ugonjwa huu umo ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu mchezo wenyewe umejengwa juu ya mtu mmoja anayeheshimiwa sana.

Vipimo vitano

Kila njia nimeipima kwa mambo haya.

Mazoezi: wiki ijayo watoto watafanya mazoezi, saa ileile, mahali palepale? Hiki nakiweka juu ya vyote. Mtoto wa Majengo au wa Kongowea ana madrasa, ana masomo ya ziada, ana mpira wa mchangani. Akikosa dojo wiki tatu, ameshapata kitu kingine.

Mikanda: vyeti vya kyu, yaani madaraja ya kabla ya mkanda mweusi, alivyopata mtoto vitaheshimiwa? Na dan zilizosajiliwa kwenye shirika la juu zitabaki chini ya nani?

Pesa na mali: mikeka, kinga za ngumi, vikombe, akiba ya benki, na jina lenyewe la klabu.

Muda na gharama: miezi mingapi, na mfuko wa nani.

Ujirani: Mombasa ni kisiwa. Uliyemtukana kwenye kundi la WhatsApp usiku utakutana naye arusini, matangani, au kwenye foleni ya feri.

Kuna jambo moja halimo katika ulinganisho huu. Kama linalolalamikiwa ni mwalimu kumdhuru mtoto, kumpiga kupita mazoezi, kumshika vibaya au kumtaka kimapenzi, hiyo si siasa ya klabu. Usiliitie mkutano na usiliwekee wazee. Nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Klabu itasubiri. Na anayekuambia "tusiharibu jina la dojo" mwambie jina limeshaharibika.

Njia ya kwanza: kukaa na kupigania ndani, kwa katiba

Hapa huendi popote. Unadai mkutano mkuu maalum, unataka hesabu zisomwe, unataka uchaguzi au marekebisho. Anza kwa kuitafuta katiba yenyewe. Kwetu ilichukua siku tisa kuipata. Nakala ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani, chini ya sanduku la vikombe. Ukiipata, angalia wanachama wangapi wanaweza kudai mkutano, taarifa ya siku ngapi inahitajika, na akidi ni ngapi. Kisha angalia jambo ambalo wengi hulisahau: mwanachama ni nani? Klabu yetu ilikuwa na watoto wengi kuliko watu wazima, na katiba haikusema kama mzazi anayelipa ada anaweza kupiga kura kwa niaba ya mwanawe. Upande mmoja ulileta wazazi arobaini. Upande wa pili ukasema hawa ni wageni. Mkutano ulivunjika kabla ya ajenda ya pili, na kufuli la pili lilitiwa wiki mbili baadaye.

Mazoezi. Hii ndiyo njia inayoyalinda zaidi, ikiwa pande zote zitakubali jambo moja kwa maandishi: ratiba haiguswi mpaka mkutano uishe. Mkishindwa kukubaliana hata hilo, mnajua mmefika wapi.

Mikanda. Haibadiliki chochote. Mtihani wa karibu uahirishwe tu, kwa sababu kila atakayepandishwa katikati ya ugomvi ataambiwa amepandishwa apige kura.

Pesa na mali. Njia hii ina nguvu hapa kuliko kwingine kokote, kwa sababu pesa ni jambo la klabu. Daini hesabu za benki na za simu za miaka miwili. Halafu wekeni akaunti yenye watia saini watatu, na ada ipitie namba ya klabu. Kwenye nafasi ya mweka hazina nina ushauri mmoja unaotokana na wahenga: mchawi mpe mwanao akulelee. Mpe kazi hiyo yule anayelalamika zaidi. Nimeiona ikituliza klabu moja ya taekwondo kule Changamwe kwa muda mfupi kuliko nilivyodhani.

Muda na gharama. Mwezi mmoja au miwili. Gharama ni nakala za karatasi, ukumbi, na mahamri na chai ya wajumbe.

Ujirani. Hapa pana mtihani. Ni vigumu mno kuinua mkono dhidi ya mtu aliyekufundisha jinsi ya kusimama. Nimewaona wanaume wenye mikanda myeusi wakiangalia sakafu wakati wa kura, wasipige huku wala huku. Kwa hiyo kura iwe ya siri, kwenye karatasi, na mkutano usifanyike ndani ya dojo. Ufanyeni kwenye ukumbi wa kijamii au darasa la shule, mkiwa na nguo za kawaida. Mtu akivaa shati lake anakumbuka kwamba yeye ni mwanachama.

Inamfaa mwenye subira, mwenye ugomvi wa pesa au wa uongozi, na ambaye klabu yake ina katiba inayofanya kazi. Haimfai anayelalamikia mikanda.

Njia ya pili: wazee na usuluhishi

Kwa Mombasa hii ndiyo njia inayokuja akilini kwanza, na ina heshima yake hata kisheria. Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka usuluhishi, upatanishi na njia za jadi zipewe nafasi. Mnachagua watu watatu ambao pande zote zinawaamini: pengine sensei mstaafu wa klabu nyingine, pengine mwalimu wa shule, pengine imamu au mzee wa mtaa. Wanasikiliza kila upande peke yake kwanza, kisha wote pamoja. Huo mpango wa kusikiliza kando kwanza usiuruke. Mbele ya wengine watu husema madai yao, lakini kando ndipo husema kilichowauma.

Na kinachouma mara nyingi ni kidogo. Kwenye usuluhishi mmoja niliohudhuria, baada ya jioni mbili za kurushiana lawama kuhusu uteuzi wa timu, ilibainika kwamba mwalimu msaidizi alikuwa hajatajwa kwenye hotuba ya siku ya kuadhimisha klabu. Miaka kumi na minne anafagia ukumbi kabla ya watoto kufika, na siku ya sherehe akatajwa aliyekuja juzi. Hakuna katiba yenye kifungu cha hilo. Mzee aliinuka, akamshika mkono sensei, akamwambia, "Mwite mwenzio kwa jina lake." Yakaisha pale.

Mazoezi. Yanaendelea, na mara nyingi yanakuwa bora, kwa kuwa kila mtu anataka kuonekana mwungwana mbele ya wazee.

Mikanda. Ugomvi wa dojo, wa heshima na wa daraja, hupata tiba hapa kuliko mahali pengine. Sensei mwenye hadhi kutoka nje anaweza kuombwa akae kwenye meza ya mtihani ujao, na mdomo wa mwenye kulalamika ukafungwa kwa haki.

Pesa na mali. Hapa ndipo njia hii hulegea. Wazee wanataka yaishe. Nimesikia "msameheane, pesa ni kitu cha kupita" wakati pesa zenyewe ni za wazazi wanaouza viazi karai mpaka usiku ili mtoto afanye mtihani. Kama kuna fedha zilizopotea, suluhu iandikwe: kiasi gani, nani anarudisha, lini, na pande zote zitie saini mbele ya mashahidi. Bila karatasi hiyo mnapatana leo, mwezi wa tatu mnaanza upya.

Kuna na jingine linalonisumbua. Baraza huwa la wanaume wazima. Wanaolipa ada ni akina mama kwa wingi, na wasichana darasani si wachache, lakini siku ya kusikilizana hawaitwi. Katika wale watatu, mmoja awe mama anayeheshimika.

Muda na gharama. Jioni mbili tatu, kahawa chungu na kashata.

Ujirani. Hakuna njia inayouhifadhi kama hii.

Inawafaa walioumizana kwa maneno, kwa dharau, kwa kusahauliwa, na wanaogombania urithi wa sensei ambaye bado yu hai na anaweza kusema neno. Haiwafai ambao mmoja wao anaitumia kununua muda huku akihamisha mali.

Njia ya tatu: kupanda ngazi

Ngazi ya kwanza ni chama cha mchezo wenu kwenye kaunti, ya pili ni shirikisho la kitaifa. Juu ya hayo kuna vyombo vya sheria. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka Msajili wa Michezo, ambaye husajili vilabu, vyama vya kaunti na mashirika ya kitaifa, na ina jedwali la mambo ambayo katiba ya chama cha michezo lazima iwe nayo. Sheria hiyohiyo iliunda Jopo la Mizozo ya Michezo.

Watu hudhani Jopo ni kama kituo cha polisi, unaingia tu na malalamiko yako. Sivyo. Kwa kifungu cha 58 linasikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirika ya kitaifa ambayo kanuni zao zinaruhusu rufaa hiyo, zikiwemo za nidhamu na za kuachwa nje ya timu ya taifa. Linasikiliza rufaa dhidi ya uamuzi wa Msajili. Mzozo mwingine wowote wa michezo linaweza kuusikiliza pale tu ambapo pande zote zimekubali kuupeleka na Jopo lenyewe limekubali kuupokea. Kwa hiyo ugomvi wa ndani ya klabu ya mtaani hauingii hivi hivi. Mwenzio asipokubali, mlango huo hauwezi kukusaidia. Lakini mkikubaliana, Jopo lina ruhusa ya kutumia usuluhishi pia, na hilo watu hawalijui.

Kama dai lako ni la pesa tu, kwa mfano mtu amekaa na fedha za klabu na hataki kuzirudisha, iko Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya mwaka 2016 inahusu madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inakuruhusu kujisimamia mwenyewe, na inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu dai lifunguliwe. Mombasa ipo.

Mazoezi. Hapa pana hatari. Kesi ikianza, kila upande hutaka kuonekana ndio wenye klabu, na kuonekana huko ni kushika ukumbi. Ombeni mapema makubaliano ya muda kuhusu ukumbi.

Mikanda. Chombo cha juu kinaweza kukuambia nani ni kiongozi halali, na kwa hiyo saini ya nani inatambuliwa kwenye vyeti. Hakitakuambia nani ni mwalimu bora. Kabla ya kupanda, hakikisha mnajua mko chini ya nani. Kwenye karate na taekwondo dunia ina mashirika mengi: taekwondo ya Olimpiki, aliyocheza Mkenya Faith Ogallo kwenye michezo ya Tokyo, iko chini ya World Taekwondo, wakati ITF (Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo) ni nyumba nyingine kabisa. Ukipeleka malalamiko kwa nyumba isiyo yako, umepoteza miezi.

Pesa na mali. Njia yenye meno. Amri ikitoka inatekelezwa.

Muda na gharama. Nauli za Nairobi, wakili, kupiga chapa nyaraka, kazi unazokosa. Na usisahau historia: baada ya Masatoshi Nakayama wa JKA kufariki mwaka 1987, shirika liligawanyika pande mbili, kila upande ukidai jina, na kesi haikwisha mpaka Mahakama ya Juu ya Japani ilipoamua mwaka 1999. Walioshindwa walikuwa walimu wakubwa sana. Iliwabidi waanzishe shirika jingine kwa jina jingine.

Na hapa kwetu tumeshaona wakubwa wakivutana, wachezaji wakaumia. Mwaka 2022 FIFA iliifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba kwa sababu ya mvutano juu ya nani anaendesha kandanda, na kwa muda huo timu zetu za taifa hazikuweza kucheza mashindano ya kimataifa.

Ujirani. Ukishampeleka mtu mbele ya sheria, salamu hubadilika. Sisemi usimpeleke. Nasema ujue.

Inamfaa mwenye ushahidi wa karatasi, mwenye hasara inayohesabika, au aliyefukuzwa bila kusikilizwa. Haimfai anayetaka tu kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Njia ya nne: kujitenga

Hii ndiyo tuliyoishia sisi, kwa hiyo naijua uzuri na ukali wake. Tuliondoka watu wazima saba na watoto kumi na nane. Tulipata ua wa shule upande wa Kisauni, tukafanya mazoezi juu ya saruji kwa miezi kumi na mmoja, bila mikeka, tukiwaonya watoto kila dakika wasirushane chini. Ramadhani ilipoingia tulihamia baada ya tarawehe kwa taa moja tuliyoiazima. Wale waliobaki na sisi mpaka mwisho wa mwaka ule ndio walimu wangu wa uvumilivu. Mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na tatu.

Mazoezi. Yatakatika kwanza, kisha yatasimama upya kama mna mahali. Msiondoke kabla ya kuwa na ukumbi wa kulipia angalau miezi mitatu. Sisi tuliondoka kwa hasira, na watoto ndio waliolipa.

Mikanda. Mwulizeni mapema mwalimu au shirika mtakalokwenda chini yake kama vyeti vya zamani vitatambuliwa. Wengine watawataka watoto wafanye mtihani upya. Mzazi aambiwe hilo kabla ya kufuata, asije akalijua siku ya mtihani. Nanyi mlio wakubwa msijipandishe madaraja siku ya kufungua klabu. Nimeona mtu akiondoka na dan ya pili Ijumaa na kutokea na dan ya tano Jumatatu. Hata aliokuja nao walishindwa kumtazama.

Pesa na mali. Mikeka na vikombe ni vya klabu mnayoiacha, hata kama mlichanga. Viacheni. Orodha ya simu za wazazi nayo iacheni; Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu, na za watoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mzazi anayetaka kuwafuata atawatafuta. Jina jipya liwe jipya kweli. Baada ya Choi Hong Hi, mwanzilishi wa ITF, kufariki mwaka 2002, mashirika zaidi ya moja yaliendelea kujiita ITF, na mpaka leo mwanafunzi mgeni huchanganyikiwa aende wapi. Mkiongezea jina la zamani neno "mpya", nanyi mtaugawa mtaa vivyo hivyo.

Muda na gharama. Usajili kwa Msajili wa Michezo, ukumbi, vifaa, na mwaka mzima wa kujenga upya. Mchango hutoka mifukoni mwenu.

Ujirani. Ajabu ni kwamba unaweza kupona, mkiondoka kwa adabu. Koichi Tohei, mwalimu mkuu wa aikido katika shirika la Aikikai, alijiuzulu mwaka 1974 kwa barua na akaendelea kufundisha kwa njia yake. Wengi walimfuata na wengi walibaki, na sanaa zote mbili zipo hadi leo. Barua yetu sisi ilikuwa ujumbe wa sauti wa dakika sita kwenye kundi, saa tano usiku. Mimi ndiye niliyeutuma. Ningeweza kuurudisha, ningeurudisha.

Inawafaa wanaotofautiana juu ya ufundishaji wenyewe, kwa mfano upande mmoja wataka mashindano na mwingine wataka karate ya jadi, na tawi lililokomaa ambalo makao makuu hayataki kulipatia nafasi. Haimfai mtu mmoja aliyekasirika.

Hali yenu ni ipi?

Kama ni pesa na bado mnazungumza, anzeni na katiba. Wakikataa kufungua vitabu baada ya barua mbili zilizopokelewa kwa saini, pandeni ngazi, na muende na barua hizo mkononi.

Kama ni mikanda, au mtu amedharauliwa, wazee kwanza. Msipoteze muda na kura.

Kama sensei ameondoka na warithi ni wawili, mpigieni simu sensei mwenyewe, mbele ya wote wawili na wazee watatu, aseme kwa sauti yake. Kama amefariki, gawanyeni kazi: mmoja aongoze dojo, mwingine aongoze klabu. Nimeona mpango huo ukidumu.

Kama ninyi ni tawi la Likoni, la Kisauni au la Mikindani na mnachotaka ni mitihani kwenu, ombeni hilo peke yake kwa maandishi, pamoja na hesabu ya nauli mnayolipa kila mtihani. Msichanganye na madai mengine. Likikataliwa mara mbili bila sababu, kujitenga kwenu hakutakuwa usaliti, na myaage makao makuu kwa barua na kwa kuinama.

Kama wewe ni mzazi, huna haja ya kuchagua kambi. Waulize viongozi wa pande zote maswali matatu: Jumamosi ijayo mazoezi ni wapi, cheti cha mwanangu kitatambuliwa na nani, na ada yangu inaingia akaunti gani. Mpeleke mtoto kwa atakayejibu yote matatu. Kuhama kimyakimya kwenda klabu nyingine nako ni njia, na kwa mzazi mara nyingi inatosha.

Na kama wewe ni kijana wa miaka kumi na sita mwenye mkanda wa kahawia, unayeambiwa na kila upande kwamba wao ndio walimu wako wa kweli: piga picha vyeti vyako vyote, omba barua ya mwalimu inayosema umefanya mazoezi kwake tangu lini, na usiandike neno kwenye kundi. Endelea na kata zako nyumbani, hata kwenye paa. Mimi wakati wa kufuli lile nilikuwa na mwanafunzi wa umri wako, alikuwa akifanya mazoezi peke yake ufuoni Mama Ngina kila alfajiri wiki zote ambazo sisi wakubwa tulikuwa tukigombana. Leo anafundisha watoto wa klabu zote mbili.